Wavu wa ngiri umebaki kinenani mwangu: je, mwili utaukataa?

SWALI

Shikamoo daktari.

Nina miaka 42, naishi Tanga, na kazi yangu ni mbao: kupakua kwenye malori, kupanga, kuwabebea wateja. Mwaka juzi niliota uvimbe kinenani upande wa kulia. Nikilala unarudi ndani, nikikohoa au nikinyanyua ubao mzito unachomoza. Nilihangaika muda mrefu na dawa za mizizi, maana huku kwetu kila mtu ana dawa yake ya ngiri, lakini uvimbe ulizidi kukua mpaka ukaanza kushuka kwenye korodani. Mwishowe nikaenda hospitali, nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni, nikapasuliwa, kesho yake nikaruhusiwa. Nilichoambiwa ni kwamba nimewekewa wavu na hautatolewa. Sikuuliza zaidi, na wao hawakusema zaidi.

Sasa imetimia miezi saba. Ngiri haijarudi, namshukuru Mungu. Ila chini ya kovu nikipapasa nakuta kitu kigumu kilicholala kwa urefu, ambacho hakikuwepo zamani. Ngozi ya kuanzia pale hadi mwanzo wa paja imekufa ganzi. Na nikinyanyua mzigo kwa ghafla napata mchomo mkali unaokimbilia kwenye korodani, dakika moja mbili, kisha unaacha. Kuna siku nashindwa kumaliza lori.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa na mwenyewe aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, anasema mwili wa binadamu haupatani na nailoni. Anasema ule ugumu ni mwili unaupiga vita wavu, na vita hiyo itaisha kwa wavu kutoka wenyewe kwa usaha au kugeuka saratani. Amenipatia mtu wa kunikanda kwa maji ya moto na kuninywesha dawa ya kuyeyusha nailoni. Sitaki kumvunjia heshima, lakini naogopa. Mke wangu ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, ameyasikia maneno haya na sasa anataka akakitoe. Juu ya yote, nimeona kwenye simu kwamba Uganda watu walipasuliwa ngiri wakawekewa chandarua cha mbu. Je, na mimi ndicho nilichowekewa? Niombe wautoe?

Ni mimi, Mbeba Mbao, Tanga.

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa maumivu, na pole kwa miezi saba ya kubeba hofu ambayo mazungumzo ya nusu saa kabla ya upasuaji yangeipunguza sana. Mgonjwa anayewekewa kitu cha kudumu mwilini ana haki ya kujua ni kitu gani, kinakaa wapi, na mwili wake utakifanya nini. Hukuwa na kosa kutouliza. Waliokuhudumia ndio walipaswa kukaa na wewe wakueleze.

Nikujibu kwanza lile linalokunyima usingizi. Usiombe wavu utolewe. Usinywe dawa yoyote ya kuuyeyusha, na usikubali kukandwa kwa maji ya moto mahali hapo. Lakini rudi kliniki ya upasuaji kwa sababu ya ule mchomo, maana maumivu yanayokuzuia kazi baada ya miezi saba si ya kuvumilia tu. Sasa nikueleze kwa nini.

Wavu mwingi wa ngiri hufumwa kwa uzi wa polipropilini. Watu huuita nailoni kwa mazoea, kumbe ni plastiki nyingine kabisa, na tofauti hiyo ina maana kwako. Nailoni halisi ikikaa mwilini hupoteza nguvu polepole, kwa sababu maji yanaweza kuvunja viungo vya minyororo yake. Polipropilini imejengwa kwa kaboni na hidrojeni tu, haina viungo vya namna hiyo, na huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi. Mwili wako una nyuzi 37. Hakuna mzizi wala gome litakaloifikia kinenani na kuiyeyusha bila kukumaliza wewe kwanza. Familia hiyo hiyo ya plastiki ndiyo inayofumiwa viroba vya mchele na sukari, ingawa ile ya hospitali huandaliwa na kupimwa kwa masharti mengine kabisa, kisha huuliwa vijidudu kabla ya kufungwa.

Wala si jambo la majaribio ya jana. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza kwa mpangilio wake imara mwaka 1954, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpasuaji wa Houston, Marekani, Francis Usher, alikuwa tayari anaziba ngiri kwa wavu wa polietilini, plastiki ya jamaa moja na hii, na miaka ya mwanzo ya 1960 akahamia polipropilini. Kwa hiyo binadamu wameishi na plastiki hii tumboni na kinenani kwa zaidi ya miaka sitini, na tunajua vizuri mwili unavyoipokea.

Unaipokea hivi. Sekunde chache tu baada ya wavu kugusa majimaji ya mwili wako, protini za damu ziliufunika: albumini, kingamwili, na fibrinojeni, ile protini ya kugandisha damu. Seli zako hazikupata kamwe kukutana na plastiki tupu. Zilikuta plastiki iliyokwisha kuvikwa protini zako mwenyewe, na protini hizo, kwa namna zilivyolala na kujikunja juu ya uzi, ndizo zilizoziita. Siku za kwanza walifika askari wa haraka wa damu, zile seli nyeupe zinazokimbilia jeraha lolote. Baada yao zikaja seli kubwa zinazoitwa makrofeji, ambazo kazi yake ni kumeza: zinameza vijidudu, seli zilizokufa, uchafu wowote. Zilijaribu kuumeza uzi wa wavu zikashindwa, kwa sababu uzi mmoja ni mnene kuliko seli hiyo mara kadhaa. Zikishindwa hivyo, baadhi huungana. Seli nyingi zinakuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, imelala juu ya uzi, na inaweza kukaa hapo kwa miaka bila kuleta madhara unayoweza kuyahisi.

Makrofeji hizo hizo hutoa ishara zinazoziita seli zinazojenga kovu. Katika wiki zilizofuata, seli hizo zilimwaga kolajeni, nyuzi ngumu za protini zinazoshika ngozi na misuli, zikauzungushia kila uzi ala yake nyembamba na kupitisha kovu kwenye matundu ya wavu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wewe ni mtu wa ujenzi kwa namna yako, utanielewa nikisema kwamba wavu ni nondo na kovu ni zege. Wavu peke yake ni kitambaa chepesi. Kovu peke yake, kinenani kwa mtu anayebeba mbao, lingeweza kulegea na ngiri ikarudi. Ukuta ulio nao sasa umetokana na vyote viwili.

Basi ule ugumu unaoupapasa ndio huo. Mjomba ana haki kusema mwili umefanya kitu. Umeuzingira wavu, ukaushika, na hilo ndilo mpasuaji alilolitegemea tangu alipouweka. Kovu hilo pia hujikunyata kidogo kadiri linavyokomaa, na huvuta wavu pamoja nalo. Ndiyo maana wapasuaji hukata wavu mpana kuliko tundu la ngiri lenyewe. Kwa watu wengi ugumu hupungua makali katika mwaka wa kwanza, ingawa wengine hubaki wanausikia wakipapasa.

Neno "kukataa" linatoka kwenye habari za figo. Figo ya mtu mwingine ina protini zenye alama za mwenyewe, na kinga yako huzisoma, ikaandaa seli na kingamwili mahususi za kuishambulia. Ndiyo sababu aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kupunguza kinga maisha yake yote. Polipropilini haina alama hizo. Mwili hauisomi kama mtu mwingine, unaiona kama kitu kilichoingia na kisichomezeka. Ndiyo maana hukuandikiwa vidonge vya kupunguza kinga, na hutavihitaji.

Hapa pana jambo ambalo ningependa lijulikane zaidi, kwa sababu watu wakisikia plastiki mwilini huuliza ni plastiki gani, na mara chache huuliza ina umbo gani. Plastiki moja inaweza kutulia ikiwa kipande kizima na kuleta balaa ikiwa unga. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa mifupa John Charnley alitengeneza nyonga za bandia zenye kikombe cha teflon, plastiki inayosifika kwa kutoshikana na kitu chochote. Vipande vizima havikuwa na shida. Lakini kichwa cha chuma kilipokuwa kinasugua kikombe kwa kila hatua ya mgonjwa, kilitoa vumbi, na vumbi lile liliweza kumezwa. Makrofeji zilijaa plastiki zisiyoweza kuimeng'enya, zikakusanyika kuwa mavimbe, nyonga zikalegea, na wagonjwa wengi wakalazimika kupasuliwa tena. Charnley aliumia moyo sana. Alijipandikizia pajani mwake mwenyewe teflon na polietilini ngumu zilizosagwa ili aone mwili unavyozipokea. Teflon ilileta uvimbe, polietilini ikatulia. Mwaka 1962 alianza kuitumia polietilini hiyo katika hospitali ya Wrightington, na nyonga bandia za leo bado zinatembelea watoto na wajukuu wa plastiki ile.

Hofu ya saratani nayo ina asili, na ni vizuri uijue ili isikutishe kutoka gizani. Miaka ya 1940 watafiti wa Marekani, akina Oppenheimer, walizungushia figo za panya karatasi ya selofani wakichunguza shinikizo la damu. Baadaye panya kadhaa wakaota saratani mahali palipokuwa na karatasi. Walipoendelea na plastiki nyingine wakaona kwamba karatasi laini nzima huleta saratani kwa panya, lakini plastiki hiyo hiyo ikitobolewa matundu au ikasagwa, saratani hupungua sana. Kwa binadamu, mamilioni ya watu wamewekewa wavu wa ngiri tangu enzi za Usher, na ongezeko la saratani kwa sababu yake halijaonekana. Wavu wako umefumwa, una matundu tangu mwanzo.

Matundu hayo yana kazi nyingine pia. Vijidudu vya usaha ni vidogo sana, vingi vina upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita hivi, na makrofeji ni kubwa kuliko vyenyewe mara kumi hadi ishirini. Wavu uliosokotwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana huacha mianya ambayo kijidudu anapita na makrofeji haipiti, na kijidudu akijificha humo anajijengea utando wa ute ambao antibayotiki haziupenyi vizuri. Wavu wa uzi mmoja mmoja wenye matundu mapana huruhusu seli za ulinzi ziingie kila mahali. Ukirudi kliniki, muulize daktari kama anajua ni wavu wa aina gani ulioingia kwako, uandikiwe kwenye karatasi yako. Siku moja mpasuaji mwingine anaweza kuhitaji kujua.

Sasa tuje kwenye mchomo wako.

Ganzi ya ngozi chini ya kovu ni ya kawaida. Mishipa midogo ya fahamu hupita palepale kinenani, mingine huguswa au kukatwa wakati wa upasuaji, na sehemu ya ganzi hiyo hurudi kidogo kidogo, nyingine hairudi. Ndiyo sababu ya kwanza ya kukukataza kukandwa kwa maji ya moto: ngozi isiyosikia haitakuonya kwamba inaungua. Nimekwisha kuona malengelenge ya namna hiyo, na jeraha la kuungua juu ya wavu ni mlango uliofunguliwa kwa vijidudu. Kusuguliwa kwa nguvu nako kunachokoza mshipa ambao tayari umechokozwa.

Mchomo unaokimbilia kwenye korodani unafanana na maumivu ya mshipa wa fahamu, ama uliobanwa na kovu, ama ulioshikwa na uzi wa kushonea, ama uliojeruhiwa. Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa wapasuaji wa ngiri uliotolewa mwaka 2018, takriban mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu zaidi ya miezi mitatu baada ya upasuaji wa ngiri ya kinena, mengi yakiwa madogo na yanayopungua kwa muda. Wachache huumia kiasi cha kushindwa kufanya kazi. Wewe uko karibu na hao wachache, na hutakiwi kuambiwa ni mawazo. Lakini usidhani kwamba bila wavu ungekuwa salama zaidi: maumivu haya huwapata pia walioshonwa misuli tu, na wao ngiri huwarudia zaidi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka huo huo wa 2018 yalikadiria kwamba kwa kila watu 46 wanaowekewa wavu badala ya kushonwa tu, mmoja anaepushwa na ngiri kurudi. Kwa mbeba mbao, nafasi hiyo ina uzito.

Kliniki watakupapasa ukiwa umesimama na ukikohoa, na pengine kukupiga altrasaundi, kuhakikisha ngiri haijarudi pembeni ya wavu. Wakiona ni mshipa wa fahamu, kuna dawa zake, na si zile za maumivu unazonunua dukani. Daktari anaweza kukuanzishia amitriptilini kwa dozi ndogo au gabapentini, ambazo hutuliza mshipa wenyewe. Inawezekana pia kuchoma sindano ya ganzi pembeni ya mshipa. Ikikupa nafuu, inamthibitishia daktari mshipa gani ndio mkosaji. Kupasua tena, kukata mshipa au kutoa wavu, ni hatua ya mwisho kabisa. Wavu uliokwisha kushikana na kovu hautoki peke yake, hutoka na nyama iliyoushika, na karibu nao kuna mishipa ya damu na kamba ya mbegu inayokwenda kwenye korodani. Kazi hiyo ni ya mpasuaji mzoefu, na hufanywa kwa sababu nzito. Wakati huo huo, usimeze diklofenaki kila siku ili umalize lori. Inaweza kukutoboa tumbo na kukuharibia figo, na mchomo wa mshipa wa fahamu mara nyingi hauisikilizi.

Zungumza na tajiri wako kuhusu kazi. Miezi saba inatosha kovu kukomaa, na kubeba kwenyewe si marufuku, lakini unyanyue taratibu, magoti yakikunjwa, na mbao ndefu mbebe wawili.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usingoje siku ya kliniki. Mahali pa wavu pakipata joto kuliko ngozi ya jirani, pakivimba, pakitoa maji au usaha, au pakiwa na kitundu kinachofunga na kufunguka, nenda siku hiyo hiyo, hata kama imepita miaka, kwa sababu wavu unaweza kupata vijidudu baadaye sana. Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Amini zaidi mgongo wa kiganja chako unaosikia joto, na ngozi inayong'aa au kuwa nyeusi zaidi. Uvimbe wa kinenani ukitokea ghafla, ukawa mgumu, ukagoma kurudi ndani, na ukaanza kutapika au kushindwa kutoa choo na hewa, hiyo ni dharura ya usiku na mchana. Kama una kisukari au unavuta sigara, mweleze daktari, maana vyote viwili huwarahisishia vijidudu kazi.

Ukiendelea kutafuta kwenye simu utakutana na habari za kesi za wavu Marekani. Nyingi zinahusu wavu uliowekwa kwa wanawake kupitia ukeni kwa ajili ya kizazi au kibofu kilichoshuka. Mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru wavu huo wa kushuka kwa viungo vya nyonga usiuzwe tena, na wanawake wengi waliumia kweli. Ilikuwa plastiki ya jamaa moja na yako. Lakini pale ukuta ni mwembamba, unanyumbulika kila wakati, na hauko mbali na vijidudu vya kawaida vya mwili. Mahali plastiki inapowekwa hubadilisha kila kitu, na matokeo ya huko hayawezi kubebwa mzimamzima mpaka kinenani.

Kuhusu mjomba. Usibishane naye, nenda kwake jioni moja umuulize jicho lake linaendeleaje. Anapofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa kawaida mtu huwekewa lenzi ya bandia, na lenzi hiyo ni plastiki. Safari yake ilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili: daktari wa macho Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, vilivyorushwa machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuchokoza jicho. Mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo katika hospitali ya St Thomas'. Kama mjomba aliwekewa lenzi, basi mwili wake na plastiki vinapatana kila anaposoma ujumbe wa simu. Mpelekee habari hiyo kwa heshima, kama mpwa anayemshirikisha jambo jema. Mimi naamini ataipokea, kwa sababu alichokuwa anatafuta ni usalama wako.

Na chandarua cha Uganda? Habari ile ni ya kweli, ila imekufikia imekatwa miguu. Wavu wa viwandani ulikuwa ghali mno kwa hospitali nyingi za Afrika, dola 125 na zaidi kwa kipande kimoja, kwa hiyo wapasuaji wa Uganda na Uswidi wakajaribu wavu wa polietilini wa aina inayotengenezewa vyandarua, usiotiwa dawa ya mbu, ukakatwa na kuuliwa vijidudu, kwa gharama ya dola 1 hivi. Wanaume 302 mashariki mwa Uganda walishiriki kwa hiari, nusu wakapata huu, nusu ule wa viwandani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika The New England Journal of Medicine: baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja kwenye kundi la wavu wa bei nafuu na hakuna kwenye jingine, na matatizo mengine, mengi yakiwa madogo, yalikaribiana sana, asilimia 30.8 kwa 29.7. Kwangu mimi ni moja ya kazi nzuri kuwahi kufanywa katika upasuaji wa ukanda wetu, kwa sababu iliwafikiria wabeba mizigo na wakulima ambao wangeachwa na ngiri mpaka iwaue. Wewe umewekewa upi, hospitali yako ndiyo yenye kumbukumbu. Kama ni wa aina ile, ulikuwa na haki ya kuambiwa, na bado hauna sababu ya kuutoa.

Mwisho ni shemeji. Kijiti chake nacho ni plastiki: Implanon NXT ni kijiti kimoja cha plastiki laini, Jadelle ni viwili vya silikoni. Mwili umekizungushia ala nyembamba ya kovu kwa njia ile ile niliyokueleza, na homoni hupita ala hiyo bila shida. Ndiyo maana siku ya kukitoa mhudumu huchoma ganzi, hukata kidogo ngozini, kisha huifungua ala ndipo kijiti kiteleze. Akitaka kukitoa kwa sababu amechoka nacho au mnataka mtoto, ni uamuzi wake wakati wowote. Kwa hofu ya nailoni tu, hana haja. Ila asimruhusu mtu asiyefundishwa kukichokonoa, na kama akipapasa hakioni tena, aende hospitali yenye altrasaundi. Implanon NXT huonekana hata kwenye eksirei. Aangalie tarehe kwenye kadi yake, na kama imekaribia, ongozaneni siku utakayokwenda wewe. Beba karatasi ya kuruhusiwa na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mizizi, na mweleze daktari bila kuficha.